Ibnu Sina na Udongo wa Mto Jeihun

Ukimtaja Ibnu Sina kwa watu wa pwani, watakwambia ni bwana wa tiba, mtunzi wa Al-Qanun. Kweli. Lakini mimi leo nataka kumweleza kwa jambo wasilolitaja wengi: mawe.

Alizaliwa mwaka 980 kijijini Afshana, karibu na Bukhara, katika nchi iitwayo leo Uzbekistan. Alipotimiza miaka 10 alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani. Utotoni mwake aliona kando ya Mto Jeihun, ambao sasa ni Amu Darya, udongo ambao watu wakiuchota kuoshea vichwa. Baada ya miaka kama 23 akauona tena, umekuwa jiwe. Jiwe laini, lakini jiwe. Mwingine angalipita akenda zake. Yeye alihesabu miaka.

Katika kitabu chake Al-Shifaa akaeleza kuwa mawe mengi asili yake ni udongo uliokauka ukashikana, na mengine hutokana na maji yaachayo madini yake yakaganda. Milima, alisema, mingine huinuliwa na matetemeko. Mingine hubaki imesimama baada ya maji na upepo kula ardhi laini iliyoizunguka. Aliona majabali yaliyopangika tabaka juu ya tabaka, akafahamu kuwa tope lilitandikwa kwa zamu, wakati bahari ilipofunika nchi. Ndiyo sababu makombe ya baharini huonekana ndani ya mawe yaliyo mbali na bahari. Na yote hayo, alisema, yataka dahari.

Wataalamu wa leo huyaita mawe hayo miamba ya mashapo. Jua, mvua na mizizi huvunja jabali. Mito huchukua mchanga na tope. Vikatua, vikalemewa na vingine juu yake, na chokaa ikaviunganisha. Miaka 23 ni michache mno kwa jabali kamili, lakini njia aliishika.

Msomaji wa Mvita hana haja ya kusafiri kuyathibitisha. Upande wa bahari kuu, kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe yaliyokuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Tazama kuta za Mji wa Kale zilizobanduka chokaa.

Kinachonistaajabisha ni hali aliyoandikia. Amiri wa Hamadhan, Shams al-Dawla, alipofariki, Ibnu Sina aliyekuwa waziri wake alijificha nyumbani kwa muuza dawa. Humo, bila kitabu cha kutazamia, aliandika kurasa 50 kwa siku, akamaliza elimu ya maumbile isipokuwa wanyama na mimea. Kisha akakamatwa, akafungwa ngomeni miezi minne. Alifariki Hamadhan, Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, yaani 1037.

Likaja la kuudhi. Kiasi cha mwaka 1200 Mwingereza Alfred wa Sareshel aliifasiri kwa Kilatini ile sehemu ya mawe, ikabandikwa mwishoni mwa kitabu cha Aristotle, na wengi Ulaya wakaisoma kuwa ni yake huyo Myunani. Sisi washairi twaujua uchungu wa kusikia utungo wako ukiimbwa kwa jina la mtu mwingine. Mwaka 1927 Holmyard na Mandeville waliichapisha Paris, Kiarabu na Kilatini kitabuni pamoja, na jina la Ibnu Sina juu yake.