Josephine Butler

Josephine Elizabeth Butler (jina la kuzaliwa: Grey, Milfield, Northumberland, 13 Aprili 1828 – Wooler, Northumberland, 30 Desemba 1906) alikuwa mwanaharakati na mwandishi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuongoza mapambano ya kufuta Sheria za Magonjwa ya Kuambukiza, na kwa mchango wake katika kupandisha umri wa kisheria wa ridhaa ya kujamiiana kwa wasichana.

Maisha ya awali

Baba yake, John Grey, alikuwa mtaalamu wa kilimo na mpinzani wa utumwa. Mwaka 1852 Josephine aliolewa na George Butler, mwalimu na kasisi wa Kanisa la Anglikana. Walipata watoto wanne. Mwaka 1864 binti yao pekee, Eva, alifariki baada ya kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwao Cheltenham. Mwaka 1866 familia ilihamia Liverpool. Huko Josephine alianza kuwatembelea wanawake katika nyumba ya maskini ya Brownlow Hill, na baadhi ya waliokuwa wagonjwa aliwachukua akawatunza nyumbani kwake.

Mapambano dhidi ya sheria

Sheria za Magonjwa ya Kuambukiza zilipitishwa mwaka 1864, kisha zikapanuliwa mwaka 1866 na 1869. Lengo lake lilikuwa kupunguza magonjwa ya zinaa kati ya wanajeshi na mabaharia. Katika miji yenye kambi na bandari za kijeshi, polisi waliweza kumkamata mwanamke yeyote waliyemshuku kuwa kahaba. Alilazimishwa kupimwa sehemu za siri. Akikutwa na ugonjwa alizuiliwa hospitalini kwa miezi kadhaa, na akikataa aliweza kufungwa. Wanaume hawakupimwa.

Butler aliona kwamba upimaji huo ni ubakaji uliohalalishwa na dola, na kwamba mwanamke alihukumiwa kwa neno la polisi tu. Mwaka 1869 alianza kuongoza chama cha kitaifa cha wanawake kilichodai sheria hizo zifutwe. Alihutubia mikutano mingi, ingawa wakati huo ilihesabiwa aibu kwa mwanamke kuzungumzia mambo hayo hadharani. Katika uchaguzi mdogo wa Colchester mwaka 1870 alishambuliwa na makundi ya wahuni. Bunge lilisimamisha upimaji wa lazima mwaka 1883 na kufuta sheria hizo mwaka 1886.

Ulinzi wa wasichana

Hadi mwaka 1875 umri wa ridhaa ulikuwa miaka 12, ukapandishwa kuwa 13. Butler alifichua pia biashara ya wasichana wadogo katika madanguro ya Brussels. Mwaka 1885 alimsaidia mhariri W. T. Stead katika uchunguzi wake kuhusu biashara hiyo mjini London. Habari hizo zilizua hasira kubwa, na mwaka huohuo Bunge likapandisha umri wa ridhaa hadi miaka 16.

Hata hivyo sheria hiyo ya 1885 iliwapa polisi nguvu zaidi dhidi ya madanguro. Butler aliwapinga waliotumia nafasi hiyo kuwaandama makahaba, kwa kuwa aliamini sheria inapaswa kumlinda mwanamke, si kumwadhibu.

Miaka ya mwisho

Mume wake alifariki mwaka 1890. Butler aliendelea kupinga upimaji wa lazima wa wanawake karibu na kambi za jeshi la Uingereza nchini India. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila tarehe 30 Mei.