Vannevar Bush, Mshauri wa Marais

Msomaji, huyu Bush ninayemsimulia leo si mmoja wa wale marais wawili, wala hawakuwa jamaa. Ni Vannevar Bush, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1890 karibu na Boston, Marekani. Babake alikuwa kasisi na wazee wake wa nyuma manahodha, jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuwezi kulipita bila kulitaja.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza alitengeneza chombo cha kugundua nyambizi. Hakikufaa kitu vitani, maana wanajeshi na wataalamu hawakusikizana, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Kwa hiyo tarehe 12 Juni 1940, Ufaransa ikiwa karibu kuanguka, aliingia kwa Rais Roosevelt na karatasi moja yenye aya nne fupi. Robo saa haikupita, ikatiwa sahihi. Likaundwa baraza la wataalamu lililomfikia Rais mwenyewe. Serikali ikaandikiana mikataba na vyuo vikuu na makampuni, wataalamu wakafanya kazi makwao. Zikatoka rada bora, ikatoka penisilini kwa wingi.

Likatoka na bomu la atomiki, nalo silifichi. Mwaka 1945 Bush alikuwa katika kamati iliyoshauri Japani ipigwe bila ya kuonywa. Elimu ilijaa baraza lile, lakini watu wa Hiroshima hawakuwa na wa kuwasemea.

Julai mwaka huo alimkabidhi Truman ripoti yake: serikali igharamie utafiti, na fedha wazigawe wanasayansi. Mkurugenzi naye achaguliwe na baraza, si Rais. Mwaka 1947 Truman aliikataa sheria ya namna hiyo, kwa hoja kwamba mali ya umma haiachiwi watu wasioulizwa na waliochaguliwa. Moyo wangu uko kwa Bush, lakini haki naiona kwa Truman. Shirika la Taifa la Sayansi lilipoanzishwa mwaka 1950, mkurugenzi aliteuliwa na Rais.

Kufikia hapo Bush hakusikizwa tena Ikulu. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Eisenhower aliwaweka wanasayansi karibu naye katika baraza la ushauri. Baadhi yao baadaye wakapinga hadharani mipango ya Nixon ya makombora na ya ndege ipitayo kasi ya sauti. Mwaka 1973 Nixon akalivunja baraza. Bush alifariki tarehe 28 Juni 1974, halijarudishwa.