Askofu aliyefia njiani kwenda Peramiho

Kama unaishi Temeke, Mbagala au Kigamboni, bila shaka umelipita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu mara nyingi, ukiwahi kivuko au ukitafuta daladala ya kurudi nyumbani. Tumezoea kuonyesha ishara ya msalaba, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Dominika hii nakuomba tusimame hapo kidogo, tumkumbuke mtu aliyelitumikia kanisa lile likiwa bado jipya kabisa: Cassian Spiss, askofu wa kwanza wa eneo ambalo leo tunaliita Jimbo Kuu la Dar es Salaam.

Ili umwelewe, panda kwanza Pugu. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika huku mwaka 1888, wakajenga misheni yao ndogo kwenye vilima vile. Haikudumu. Januari 13, 1889, wakati watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri wakipambana na utawala wa Wajerumani, misheni ilivamiwa na kuteketezwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka mpaka walipokombolewa kwa fidia. Waliobaki walianza upya mjini, karibu na bahari. Kati ya 1897 na 1902 likainuka kanisa unaloliona leo mbele ya bandari. Kwa hiyo, ndugu yangu, jengo lile zuri lina mzizi wake katika majivu ya Pugu.

Spiss alizaliwa Juni 12, 1866, katika kijiji cha milimani huko Tirol, Austria. Alipewa upadre mwaka 1889, mwaka uleule Pugu ilipoungua. Habari za misheni ile hazikumrudisha nyuma. Alijiunga na watawa wa Mtakatifu Ottilia, na mwaka 1893 akaja Afrika Mashariki.

Mwaka 1898 alitumwa mbali kusini, kwa Wangoni, akaanzisha misheni ya Peramiho. Angalia sasa alichofanya huko. Pamoja na kujenga na kufundisha katekisimu, alikaa chini akajifunza lugha ya watu. Alikusanya maneno na kanuni za Kingoni na za Kisutu, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1904. Wewe uliyewahi kuhamia mahali pa wageni unajua: mtu anayehangaika na lugha yako, akakosea, akachekwa, akarudia tena, huyo ameanza kukuheshimu.

Mwaka 1902 eneo lote la kusini, kuanzia Dar es Salaam mpaka mto Ruvuma, lilifanywa vikarieti, na yeye akawekwa kuwa askofu wake. Alikuwa na umri wa miaka 36. Makao yake yakawa mjini kwetu, lakini kundi lake lilikuwa limetawanyika katika nchi ambayo barabara yake ilikuwa ni njia ya miguu.

Agosti 1905 alifunga safari kwenda Peramiho pamoja na mabruda wawili, Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag, na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Walipitia Kilwa, kisha wakaingia bara kwa miguu. Wakati huo vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwishaanza katika vilima vya Wamatumbi. Agosti 14, mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, walikutana na wapiganaji mahali paitwapo Mikukuyumbu, karibu na Liwale. Wote watano waliuawa. Askofu alikuwa na miaka 39.

Hapa, mpendwa msomaji, tusikimbie swali gumu. Wewe ni Mkristo, nawe ni Mtanzania. Kanisani tunawaombea wamisionari waliouawa. Shuleni tulifundishwa kwamba wapiganaji wa Maji Maji ni mashujaa wetu, na ni kweli. Walilimishwa pamba kwa nguvu, walidaiwa kodi, walichapwa viboko. Walipomwona Mzungu akipita, hawakuwa na sababu ya kuuliza kama ni wa serikali au wa Injili. Wamisionari nao hawakuwa wasafi daima. Kule Ungoni, padre mmoja wa Peramiho alikuwa amechoma kibanda cha mahoka, mahali ambapo Nkosi Mputa Gama aliwakumbuka wazee wake. Jeraha la namna hiyo halisahauliki upesi. Spiss alipita katika nchi yenye hasira, na sehemu ya hasira ile ilikuwa ya haki.

Je, ina maana kwamba kifo chake kilikuwa bure? La. Tazama kilichofuata. Peramiho yenyewe ilichomwa Septemba mwaka ule. Serikali ya Wajerumani ilijibu kwa kuteketeza mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Halafu, Februari 27, 1906, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa pale Songea, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao. Kabla ya siku hiyo, padre Johannes Häfliger aliingia gerezani kwa hao waliohukumiwa. Misheni yake ilikuwa imechomwa na askofu wake ameuawa, lakini hakwenda kuwasuta. Alikwenda kuwaandaa kukutana na Mungu, na wengi walipokea ubatizo, Mputa mwenyewe akiwamo. Mtu aliye chini ya kamba anasema nini moyoni mwake, Mungu peke yake ndiye ajuaye. Ila sisi tunaweza kujua aliyeingia mle gerezani alikuwa amechagua nini.

Na tangu hapo mbegu ikaota. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, vita vikiwa bado vinafuka moshi. Peramiho ilijengwa upya, ikawa abasia yenye hospitali na kiwanda cha uchapaji, na wajukuu wa waliopigana wakawa makatekista, masista na mapadre. Pugu ile iliyoungua leo ni kituo cha hija.

Ndugu yangu, pengine wewe huitwi kwenda Liwale kwa miguu. Lakini una jirani mliyegombania mpaka wa kiwanja, au ndugu mliyeachana juu ya mirathi. Una jumuiya ndogo ndogo ambayo nusu ya wanajumuiya hawasalimiani nusu nyingine. Katika ugomvi wa namna hiyo kila upande una wafu wake na una haki yake kidogo. Historia hii inatufundisha kwamba huhitaji kungoja upande wa pili ukiri kwanza ndipo uende. Häfliger hakungoja.

Safari ijayo ukipita Mtakatifu Yosefu, ingia ndani hata kwa dakika tano. Mwombee Askofu Cassian na wenzake wanne. Halafu, bila kuondoka hapo kwenye benchi, mwombee Mputa na wale walionyongwa naye, na wote waliokufa kwa njaa ile. Kama unaweza kuwataja pande zote mbili katika sala moja, basi utakuwa na nguvu ya kumpigia simu yule usiyesemezana naye.