Karl Terzaghi: mtu aliyefundisha kusoma mwamba kabla ya kuweka mti

Huku kwetu, toka Ntoto mpaka Rubaya, kila mchimbaji anayeingia chini anajiuliza swali moja: miti hii itabeba mlima? Kati ya watu waliosaidia kupata jibu, jina kubwa ni Karl Terzaghi.

Alizaliwa Prague tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka 1883, akasomea uinjinia wa mashine kule Graz, inchi ya Austria. Mwaka 1912 alienda Marekani kutazama mabwawa yanayojengwa. Aliona kazi nyingi, lakini kanuni aliyokuwa anatafuta hakuipata. Akarudi na uchungu.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alitumwa kufundisha Istanbul. Vyombo hakuna, akaanza vipimo vyake na masanduku ya sigara. Mwaka 1925 akatoa kitabu juu ya udongo na maji yaliyo ndani yake. Toka hapo wengi wanamwita baba wa elimu ya udongo.

Kisha akageukia mwamba. Katika mahandaki ya treni kule milima ya Alpi, mbao za kutegemeza zilimfundisha: zingine zilipondeka, zingine zilisimama. Kwa kuwa nguvu ya ubao inapimika, uzito wa jiwe nao ukahesabika.

Mafundisho hayo yalitoka mwaka 1946. Mlima wote hauangukii mti. Mwamba unajibeba wenyewe sawa upinde, mti unabeba tu sehemu iliyolegea. Lakini ukichelewa kuweka mti, ama ukiacha nafasi kati yake na dari, sehemu hiyo inazidi kukua. Jiwe zima halidai kitu. Lililopasuka-pasuka linadai zaidi. Lile laini, linalovimba kwa maji, linasukuma toka juu, kando na hata chini. Hapo nguzo mbili na mti wa juu hazitoshi, inaombwa chuma cha duara.

Afrika pia ilimjua. Kule Kenya, udongo wa bwawa la Sasumua, linalopeleka maji Nairobi, ulitia watu wasiwasi. Yeye akaonyesha kama ni mzuri. Kule Misri aliongoza washauri wa bwawa la Aswan, akajiuzulu mwaka 1959 kwa kutopatana na mainjinia wa Kisovieti.

Alikufa Marekani tarehe 25 mwezi wa 10 mwaka 1963, akiwa na miaka 80. Kwa anayeshuka shimoni leo, somo lake halijazeeka: tazama kwanza mwamba na maji, kaza mti mapema, na mti ukianza kulia, toka inje.