Andrew Carnegie: Kijana wa dola 1.20 kwa wiki aliyejengea wanamuziki ukumbi New York

Unadhani umesota? Cheki huyu buda. Andrew Carnegie alizaliwa Uskoti mwaka wa 1835. Babake alikuwa mfumaji wa nguo, lakini mashine zikakuja zikammalizia kazi. 1848 familia ikahamia Marekani, na kijana wa miaka 13 hivi akaanza kuhustle kwa kiwanda cha pamba: masaa 12 kwa siku, dola 1.20 kwa wiki.

Akapitia telegrafu, reli, kisha akaomoka na chuma.

1887 akaoa Louise Whitfield, mrembo aliyeimba kwa kwaya ya Oratorio Society. Kwa meli wakienda fungate, walikutana na Walter Damrosch, kiongozi wa kwaya hiyo na okestra moja ya New York. Makundi yote mawili hayakuwa na ukumbi. Carnegie akashawishika, akatoa chapaa nyingi ya ujenzi. Carnegie Hall ikafunguliwa Mei 5, 1891, Tchaikovsky mwenyewe akiwa jukwaani.

Lakini 1892 wafanyakazi wake wa Homestead walikataa kupunguziwa mshahara. Yeye akiwa Uskoti, msimamizi wake akaleta walinzi wenye bunduki. Watu wakafa pande zote.

Carnegie aliaga 1919 akiwa amegawa zaidi ya dola milioni 350. Baadaye ukumbi ulikaribia kubomolewa, wasanii wakiongozwa na Isaac Stern wakapiga kelele, na 1960 jiji likaununua kwa dola milioni 5. Siku hizi unaendeshwa na shirika lisilotafuta faida.

Wewe unaonaje, ukumbi ulilipa deni la Homestead?