Nyerere, mtoto wa mke wa tano: Alivyoipinga hesabu ya watoto nyumbani kwao Mara

Siku ya 13 Aprili 1922 mvua kubwa ilipiga Butiama, na kwenye nyumba ya mke wa tano wa Chifu Nyerere Burito akazaliwa mtoto wa kiume. Wakamwita Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki.

Jina la baba nalo lina kisa chake. Inaelezwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wamevamia mashamba, akaitwa Nyerere, yaani kiwavi. Ndiyo, jina ambalo leo liko kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na bwawa la umeme la Rufiji chimbuko lake ni mdudu anayekula mazao.

Wengi tunamjua Mwalimu wa Uhuru, wa Azimio la Arusha, wa vita vya Kagera. Anayesahaulika ni yule aliyebishana na mila za kwao kuhusu watoto. Na ubishi huo bado ni wa moto Tarime na Serengeti, wilaya zilizo jirani kabisa na alikozaliwa.

Nyumba ya Mgaya

Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, aliolewa mwaka 1907 akiwa na miaka 15. Mumewe alikuwa na wake 22. Mgaya alizaa watoto wanane, wavulana wanne na wasichana wanne, na wawili kati yao walifariki wakiwa wachanga. Enzi hizo kuzaa wengi ilikuwa pia namna ya kujihakikishia kwamba angalau baadhi watabaki.

Kambarage alikua akichunga mifugo na kulima. Meno yake ya mbele yalichongwa kama desturi ilivyotaka. Baba alimchagulia hadi mchumba, binti ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu au minne tu.

Haraka yote hiyo ya nini? Vuka Mto Mara uingie Tarime, au shika njia ya Mugumu, Serengeti, utapata jibu. Kwa Wakurya, mtu aliyeacha mtoto wa kubeba jina lake hajafa kabisa. Kila mke ana nyumba yake, na mali ya nyumba hiyo, ng'ombe wakiwa wa kwanza, inawaendea watoto wake wa kiume. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume ni kama moto unaokaribia kuzimika.

Ndiyo maana kuna nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anatoa ng'ombe na kumuoa msichana. Si mapenzi kati yao. Msichana anazaa na mwanamume, na watoto wanahesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama. Aliyewazalisha hana chake. Yaani hata mume aliyezikwa zamani anaendelea kupata watoto wenye jina lake.

Kwa mjane ambaye ndugu wa mume wanayatolea macho mashamba yake, hiyo ni kinga ya kweli. Kwa msichana aliyetolewa ng'ombe ili azae, hesabu ni nyingine kabisa. Akitaka kupumzika kuzaa, anaizuia safari ya ukoo mzima.

Imani nyingine, umilele mwingine

Mwaka 1934 Kambarage alianza shule Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na 1943 akaingia Makerere, Uganda. Baba yake alifariki Machi 1942. Desemba 1943 kijana akabatizwa Mkatoliki na kuitwa Julius.

Ubatizo huo ulimpa wazo tofauti kuhusu kutokufa. Kanisa linafundisha kuwa roho inaishi milele, uwe na watoto ishirini au usiwe naye hata mmoja. Padri na mtawa wanakufa bila kuzaa na bado wanaahidiwa uzima. Kwa mtoto wa chifu mwenye wake 22, hilo halikuwa badiliko dogo.

Akiwa Makerere aliandika insha kuhusu wanawake wa Kizanaki, akitumia fikra za Mwingereza John Stuart Mill kuhoji jinsi walivyowekwa chini ya wanaume. Kijana wa miaka ya 1940, kutoka familia ya namna ile, kuandika hivyo kunastahili heshima yake.

Alisoma Edinburgh, Scotland, kuanzia 1949 hadi 1952. Uchumba aliopangiwa na baba ulikuwa umeshakufa. Tarehe 24 Januari 1953 akafunga ndoa Musoma na Maria Waningu Gabriel, mke mmoja, ndoa ya kanisani. Wakapata watoto wanane. Idadi ileile ya mama yake, na hapo mtu ana haki ya kutabasamu.

Mei 1969

Kidonge cha kuzuia mimba kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960. Dar es Salaam mambo yalikuwa yameanza mwaka mmoja nyuma yake, kwa chama kidogo cha uzazi wa mpango kilichokuja kuitwa UMATI. Kisha Julai 1968 Papa Paulo VI akatoa waraka uliowakataza Wakatoliki kutumia njia hizo za kisasa.

Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa mara kwa mara. Lakini Mei 1969, hata mwaka haujaisha, alisimama mbele ya mkutano wa TANU kuutambulisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano na kugusa jambo ambalo viongozi wengi wa Afrika walilikwepa. Alieleza kuwa katika kuzaa binadamu analingana na mnyama, lakini kulea mtoto na kumsomesha kwa miaka mingi ni zawadi na wajibu wa binadamu peke yake. Akaonya kuwa mara nyingi uwezo wa watu kuzaa unazidi uwezo wao wa kulea.

Kwa masikio ya mzee wa Tarime, hayo yalikuwa maneno mazito. Rais, tena mtoto wa huku huku Mara, anasema wingi wa watoto peke yake si sifa.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa. Ilitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nyumba ntobhu haikupata nafasi ndani yake. Lakini iliruhusu wake wengi, na ikaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, umri uleule alioolewa nao Mgaya. Hapo mwandishi wa ile insha ya Makerere alibaki na deni. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vya umri vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Vidonge vya majira vyenyewe viliingia taratibu. Kuanzia 1974 huduma za uzazi wa mpango ziliunganishwa na kliniki za serikali za mama na mtoto, zile zile ambako mtoto anapimwa uzito na kuchanjwa. Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ilikuja 1992, miaka saba baada ya Mwalimu kuondoka Ikulu. Alisema mapema, serikali yake ikatembea polepole. Watu walikuwa kama milioni 12.3 kwenye sensa ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7.

Kidonge kina shida moja ambayo daktari haioni: pakiti inaonekana. Mume ataikuta, mama mkwe ataikuta, na kwenye nyumba ntobhu ataikuta mama aliyetoa ng'ombe. Leo Tanzania sindano na vijiti vinatumika zaidi kuliko vidonge. Sindano haiachi pakiti chini ya godoro.

Mwitongo

Mgaya, ambaye naye alikuja kubatizwa na kuitwa Christina, alifariki mwaka 1997, akiwa amevuka miaka 100. Mwanaye alimfuata tarehe 14 Oktoba 1999, hospitalini London, kwa saratani ya damu. Alirudishwa Butiama na kuzikwa Mwitongo, karibu na baba na mama yake.

Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na sasa Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Kwa upande wa mila, watoto na wajukuu wa kubeba jina anao.