Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji

Ndugu zetu Waislamu wa Kajaga, ziwa hili tulionalo kila asubuhi ndilo lipigalo mawimbi pwani ya Ujiji, na huko ndiko alikozaliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1924. Basi ni jirani yetu, ingawa jina lake hutajwa zaidi na wapenzi wa mpira kuliko wapenzi wa mashairi. Kwani Arusha upo uwanja ulioitwa kwa jina lake, nao huandikwa Abeid, hali mwenyewe juu ya kitabu chake aliandika Abedi.

Kitabu hicho ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Zamani kanuni za vina na mizani zilikuwa masikioni mwa watunzi, mwanafunzi akizipokea kwa mwalimu wake. Yeye alizikusanya akazipanga, hata kijana asiye na mwalimu aweze kujifunza. Kwake shairi lilikuwa wimbo, na lisiloimbika lina ila. Washikao vina na mizani wangali wakimfanya hoja yao, na waliokuja baadaye na mashairi huru ilikuwa lazima kwanza wabishane naye. Mtu abishaniwaye miaka 60 baada ya kufa kwake hawezi kuitwa msahauliwa.

Liko jambo ambalo si haki kulificha. Alikuwa mfuasi wa Ahmadiya, akasoma Pakistani, akasaidia tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili waliyoitoa mwaka 1953. Masheikh wetu waliipinga, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja akakamilisha yake mwaka 1969. Katika hilo sisi tu pamoja na Sheikh Farsy. Lakini khitilafu ya madhehebu haibatilishi mizani ya shairi, na ajifunzaye utunzi leo hana budi kupita mlangoni kwa mtu wa Ujiji.

Ya siasa yalikuwa ya muda mfupi. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam; kisha akaingia Bungeni, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Wako wadhanio kuwa cheo ndicho kilichompa jina. Lakini diwani ilitangulia umeya kwa miaka sita. Alifariki Oktoba 1964 huko Ujerumani ya Magharibi, umri wake miaka 40.